Udongo wa Mfinyanzi na Polima: Historia ya Ndoa ya Kale

Utangulizi

Waswahili husema: Udongo uwahi ungali maji. Darasani methali hii hufundishwa katika mlango wa malezi, kwamba mtoto na aadibishwe angali mdogo. Mafundisho hayo ni ya haki. Hata hivyo yafaa tukumbuke kwamba methali hii ilizaliwa katika kazi ya mikono kabla haijaingia katika kazi ya maadili. Aliyeitamka kwanza aliujua udongo kwa vidole vyake. Alijua kwamba ukiwa na maji hukubali kila umbo, ukikauka hukataa, na ukishachomwa haurudi tena ulikotoka.

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya udongo huo huo wa mfinyanzi katika kazi ambayo wahenga hawakuiwazia, nayo ni kuimarisha plastiki. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wamejua namna ya kuzitenganisha chembe za udongo hata unene wake ukafikia sehemu moja ya bilioni ya mita, na kuzitia katika zile plastiki zinazotakiwa kustahimili joto, uzito na kemikali. Tutaonyesha kwamba jambo hili ni jipya kwa vipimo vyake, lakini wazo lake ni la kale, na watu wa nchi zetu walilitumia kabla halijapewa jina katika vitabu.

Sisi tunaofundisha Kiswahili katika mtaa wa Nyamityobora, mjini Mbarara, tumelichagua jambo hili kwa kuwa liko mbele ya macho yetu. Kusini-mashariki ya Mbarara, katika Wilaya ya Isingiro, yako makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Humo wameishi watu kutoka Rwanda, Burundi, Kongo, Somalia na kwingineko, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowakutanisha. Mkimbizi anayefika upya huezeka kwa turubai la plastiki na kukandika kuta kwa udongo. Nyumba yake ya kwanza, basi, ni udongo na plastiki, vitu viwili vinavyokaa pamoja pasipo kuchanganyika. Swali letu ni hili: Je, vikichanganywa, huwa nini?

Maneno na Asili Yake

Kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha, na tuanze na maneno. Neno plastiki asili yake ni Kiyunani, nalo latokana na kitenzi chenye maana ya kufinyanga. Kabla ya kuwako ndoo wala mifuko ya plastiki, neno hilo lilihusu kitu chochote kinachokubali kuumbwa, na udongo ukiwa wa kwanza. Kwa hiyo anayesema "plastiki" anasema, bila ya kujua, jambo lile lile tulisemalo sisi tukitaja udongo wa mfinyanzi. Maneno hayo mawili ni ndugu wa maana, ingawa hayakuzaliwa katika nyumba moja.

Neno polima nalo ni la Kiyunani, lenye maana ya sehemu nyingi. Mwanakemia wa Uswidi, Jöns Jacob Berzelius, ndiye aliyelileta neno hilo katika kemia mwaka 1833, ingawa alilitumia kwa maana iliyo mbali na ya leo. Maana ya sasa ilithibitishwa na Hermann Staudinger wa Ujerumani kuanzia mwaka 1920, alipodai kwamba mpira, pamba na vitu vya jinsi hiyo ni minyororo mirefu ya molekuli ndogo zilizoshikana. Wenzake wengi walimpinga, lakini mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Nano latokana na neno la Kiyunani la mtu mfupi mno, na katika vipimo nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Kaolini, udongo mweupe wa vyombo vya kauri, limetoka katika jina la kijiji cha Gaoling nchini China. Montmoriloniti, udongo utakaotajwa sana katika makala haya, limetoka katika mji wa Montmorillon nchini Ufaransa, ambako madini yake yalielezwa mwaka 1847. Bentoniti, jina la udongo wa ardhini wenye montmoriloniti nyingi, limetoka Fort Benton nchini Marekani, nalo lilitolewa mwaka 1898. Tazama jinsi udongo unavyobeba majina ya vijiji na miji! Si ajabu, kwani udongo ni mali ya mahali.

Udongo na Nyuzi katika Kazi za Kale

Katika nchi za Maziwa Makuu ufinyanzi una umri mkubwa. Vyungu vya namna iitwayo Urewe, kwa jina la mahali palipo magharibi mwa Kenya, vilianza kutengenezwa zaidi ya miaka 2000 iliyopita, navyo vimefukuliwa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Vilielezwa kwa urefu mwaka 1948 na Mary Leakey, W. E. Owen na Louis Leakey. Wafinyanzi wa tangu zamani walijua kwamba udongo mtupu hupasuka ukikauka au ukichomwa. Kwa sababu hiyo waliuchanganya na mchanga au na vigae vilivyosagwa. Chembe hizo ngumu huuzuia ufa usiendelee, na hupunguza kujikunja kwa udongo maji yanapotoka. Hilo ndilo somo la kwanza la sayansi ya michanganyiko: kitu kidogo kilichotiwa ndani ya kikubwa hubadili tabia ya kikubwa.

Kusini ya Mbarara, ng'ambo ya mpaka, ndiyo nchi ya Buhaya. Huko karibu na Bukoba mtaalamu wa mambo ya kale, Peter Schmidt, alichunguza kazi ya wahunzi wa Kihaya, na mwaka 1978 akatangaza matokeo yake pamoja na Donald Avery. Wazee wa Buhaya walijenga tanuri la kuyeyushia chuma kwa udongo wa kichuguu, wakatia mirija ya udongo ya kupitishia pumzi ya mivuo. Hawakuchukua udongo wowote uliokuwa karibu. Waliuchagua udongo uliokwisha kuchambuliwa na mchwa, udongo laini wenye kushikana. Hilo ni somo la pili: udongo hautoshani, na kazi hutaka udongo wake.

Somo la tatu liko katika ukuta. Anayekandika nyumba hukanyaga udongo pamoja na nyasi zilizokatwakatwa, na sakafu na kuta hupakwa samadi ya ng'ombe, ambayo ndani yake mna nyuzi za majani yaliyosagwa na tumbo la mnyama. Katika nchi ya Ankole, yenye ng'ombe wengi, kazi hii yajulikana sana. Nyasi na nyuzi hizo zimeumbwa kwa selulosi, na selulosi ni polima, mnyororo mrefu uliofumwa na mmea wenyewe. Kwa hiyo ukuta wa udongo na nyasi ni mchanganyiko wa udongo na polima. Udongo ndio mwili, na polima ndiyo uzi unaouzuia mwili usipasuke.

Wataalamu wa leo wameigeuza ndoa hiyo tu. Kwao polima ndiyo mwili, na udongo ndio uimara. Aliyekuwa mume amekuwa mke, lakini nyumba ni ile ile.

Udongo Ulivyo Ndani Yake

Ili kuelewa kazi hiyo, hatuna budi kuingia ndani ya punje ya udongo. Mwaka 1930 Linus Pauling wa Marekani alieleza umbo la ndani la madini ya ulanga, na mwaka 1933 Hofmann, Endell na Wilm wa Ujerumani wakalieleza umbo la montmoriloniti. Waligundua kwamba udongo huo umejengwa kwa matabaka, kama kitabu kilichofungwa. Kila ukurasa una sehemu tatu zilizoshikana, yaani mbili za silika upande wa juu na wa chini, na moja ya alumina katikati. Unene wa ukurasa ni kiasi cha nanomita 1, na upana wake waweza kufika nanomita mia kadhaa. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa kiasi cha nanomita 100,000. Ni kusema kwamba yahitaji kurasa 100,000 za udongo kufikia unene wa karatasi moja ya daftari.

Katikati ya kurasa hizo mnakaa chembe za sodiamu au kalisi zenye chaji ya umeme. Hizo ndizo zinazoyaita maji. Maji yakiingia, kurasa huachana na udongo huvimba. Maji yakitoka, hukaribiana na udongo hupasuka. Tabia hiyo yajulikana na kila mkulima wa mbugani. Udongo mweusi wa mbuga, unaonata wakati wa masika na kuacha nyufa pana wakati wa kiangazi, una madini mengi ya jamaa hiyo hiyo ya montmoriloniti. Wajenzi wa barabara na nyumba huuogopa. Wataalamu wa polima, kinyume chake, huutafuta kwa sababu ile ile inayowafanya wajenzi waukimbie: kurasa zake hufunuka.

Kaolini si hivyo. Kurasa zake zimeshikana kwa nguvu na hazikubali maji kwa urahisi. Ndiyo sababu hufaa kwa vyombo vya kauri, karatasi na rangi, lakini kuzifunua kurasa zake moja moja ni kazi ngumu.

Faida ya kufunua ni hii. Gramu moja ya montmoriloniti iliyofunuliwa kabisa ina eneo la zaidi ya mita za mraba 700. Kiwanja cha mpira wa wavu kina mita za mraba 162. Basi kijiko kidogo cha udongo, kikifunuliwa ukurasa kwa ukurasa, chaweza kutandika zaidi ya viwanja vinne. Polima inayougusa udongo huo huugusa kila mahali.

Kutoka Kijazio hadi Chembe Nano

Plastiki ya kwanza iliyotengenezwa na binadamu kutoka kemikali tupu ilivumbuliwa na Leo Baekeland mwaka 1907. Tangu siku za mwanzo ilichanganywa na unga wa mbao, kwa sababu peke yake ilivunjika upesi. Viwanda vya mpira navyo vilitia kaolini katika mpira ili kuufanya uwe mgumu na kupunguza gharama. Lakini udongo huo uliitwa kijazio, nalo ni jina la dharau kidogo: kitu cha kujaza nafasi. Ulitiwa kwa wingi, mara nyingi asilimia 20 au 30 au zaidi, na punje zake zilibaki vitabu vilivyofungwa. Plastiki ilizizunguka punje kwa nje tu.

Ufunguo wa kuvifungua vitabu hivyo ulianza kupatikana mapema, ijapokuwa hakuna aliyejua kwamba ni ufunguo. Mwaka 1850 J. Thomas Way wa Uingereza, akiuchunguza udongo wa mashamba, alionyesha kwamba udongo huweza kubadilishana chembe zenye chaji: hupokea moja na kuachilia nyingine. Alikuwa akiwaza mbolea. Miaka 99 baadaye, mwaka 1949, J. W. Jordan wa Marekani alieleza namna ya kuziondoa chembe za sodiamu na kuweka mahali pake molekuli ndefu za jamaa ya amonia, zenye kichwa kinachopenda udongo na mkia unaopenda mafuta. Udongo uliokuwa rafiki wa maji ukawa rafiki wa mafuta. Mwaka 1950 ilitolewa hataza nchini Marekani ya kuutumia udongo wa namna hiyo kuimarisha mpira. Katika miaka ya 1960 Alexandre Blumstein alionyesha kwamba polima iliyoumbwa katikati ya kurasa za udongo hustahimili joto kuliko ile iliyoumbwa nje. Mwaka 1976 kampuni ya Unitika ya Japani ilieleza mchanganyiko wa nailoni na udongo.

Hatua kubwa ilichukuliwa na watafiti wa maabara ya kampuni ya Toyota nchini Japani, walioianza kazi yao katikati ya miaka ya 1980. Miongoni mwao walikuwamo Akane Okada, Arimitsu Usuki, Masaya Kawasumi na Yoshiaki Fukushima. Walichukua montmoriloniti, wakaondoa sodiamu yake na kuweka molekuli yenye ncha mbili za kazi: ncha moja ya kushika udongo, na ncha ya pili ya kushika nailoni. Kisha wakatia kaprolaktamu, ambayo ndiyo malighafi ya nailoni 6. Malighafi hiyo ikapenya katikati ya kurasa. Walipoipasha moto, minyororo ya nailoni ikaanza kukua humo humo ndani, nayo kwa kukua ikazisukuma kurasa mbali mbali, kama mizizi inavyopasua mwamba. Mwishowe hapakuwa na kitabu tena, bali kurasa zilizotawanyika katika nailoni.

Hataza yao ya Marekani ilitolewa mwaka 1988. Karibu na mwaka 1990 nailoni hiyo ilitumika kutengeneza kifuniko cha mkanda wa injini ya gari, mahali penye joto jingi na mtikisiko. Mwaka 1993 Richard Vaia, Hitomi Ishii na Emmanuel Giannelis wa Marekani walionyesha njia rahisi zaidi, yaani kuyeyusha polima iliyokwisha kuumbwa na kuiacha ipenye yenyewe katika udongo uliotayarishwa. Mwaka 2002 kampuni ya General Motors iliweka ngazi ya kupandia, iliyotengenezwa kwa plastiki yenye chembe nano za udongo, katika baadhi ya magari yake.

Faida Zilizopimwa

Matokeo ya Toyota yalishangaza wengi. Nailoni 6 iliyotiwa udongo wa kiasi cha asilimia 4.2 tu ya uzito wake ilipimwa pamoja na nailoni tupu. Ukinzani wake wa kunyumbuka ulipanda kutoka gigapaskali 1.1 hadi 2.1. Nguvu yake ya kuvutwa ilipanda kutoka megapaskali 69 hadi 107. Joto ambalo nailoni huanza kupinda chini ya mzigo lilipanda kutoka nyuzi 65 hadi nyuzi 145 za Selsiasi. Kwa udongo usiofika hata sehemu moja kwa ishirini, nailoni ilipata ugumu karibu mara mbili. Hapo ndipo tofauti ya kijazio na chembe nano inapoonekana.

Sababu yake si muujiza. Kila mnyororo wa polima uko karibu na ukurasa mgumu wa udongo, nao hauwezi kuteleza upendavyo. Mzigo unaovuta polima hupokewa na udongo, kama mzigo wa ukuta unavyopokewa na fito.

Faida ya pili ni kuzuia hewa na mvuke. Poliimidi ni polima ya kazi nzito, inayotumika katika vyombo vya umeme na vya angani kwa sababu hustahimili joto kali. Mwaka 1993 Kazuhisa Yano na wenzake wa maabara hiyo hiyo ya Toyota walitangaza kwamba poliimidi iliyotiwa montmoriloniti ya asilimia 2 ilipitisha gesi kwa kiwango kilicho chini ya nusu ya kile cha poliimidi ya kawaida. Tena ilitanuka kidogo zaidi kwa joto. Anayejua kuezeka makuti atalielewa jambo hili bila ya taabu. Kuti moja lina nafasi nyingi za kupitisha mvua. Lakini makuti yakipandana, tone la maji halipati njia iliyonyoka; hulazimika kuzunguka na kuzunguka. Kurasa za udongo zilizolala ndani ya polima ni makuti ya nanomita moja.

Faida ya tatu ni katika moto. Jeffrey Gilman na wenzake wa Marekani walionyesha mwaka 1997 kwamba nailoni 6 yenye udongo wa asilimia 5, inapoungua, kilele cha joto inalotoa hupungua kwa asilimia 63. Udongo hubaki juu na kufanya gamba pamoja na makaa, na gamba hilo huchelewesha moto kuingia ndani.

Mipaka ya Kazi Hii

Itakuwa si haki kutaja faida na kunyamazia mipaka. Methali hukumbusha kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Na katika kazi hii pia chombo kizuri hakiko mezani pa kila mtu.

Kwanza, udongo ukizidi huharibu. Baada ya asilimia chache, kurasa hushindwa kutawanyika na kurudi kushikana katika mafungu. Kila fungu huwa mwanzo wa ufa. Pili, ugumu na wepesi wa kuvunjika ni majirani. Mara nyingi plastiki iliyoimarishwa kwa udongo hunyooka kidogo kuliko ilivyonyooka kabla haijakatika.

Tatu, polima za kazi nzito huleta shida ya pekee. Ile molekuli ya jamaa ya amonia inayoufanya udongo uwe rafiki wa polima huanza kuvunjika kwenye joto la kiasi cha nyuzi 200. Nailoni 6 yenyewe huyeyuka kwenye kiasi cha nyuzi 220. Polima iitwayo PEEK, ambayo hutumika katika ndege na hata katika mwili wa binadamu mahali pa mifupa, huyeyuka kwenye nyuzi 343, nayo haiwezi kutengenezwa pasipo joto linalopita hapo. Mpatanishi hufa kabla ya harusi. Kwa hiyo imewabidi watafiti watafute wapatanishi wengine wanaostahimili joto, kama vile wale wa jamaa ya fosfoniamu na imidazoliamu.

Nne, jambo linaloigusa Nakivale. Maturubai ya misaada hufumwa kwa nyuzi za poliethilini na kupakwa poliethilini pande zote mbili, na adui yake mkubwa ni jua. Mtu aweza kudhani kwamba tukitia chembe nano za udongo, turubai litadumu zaidi. Majaribio yameonyesha mara nyingi kinyume chake. Udongo wa asili huwa na chuma ndani yake, na chuma hicho, pamoja na ile molekuli ya mpatanishi, huweza kuharakisha uharibifu wa plastiki inayoanikwa juani. Udongo unaoilinda plastiki ndani ya injini waweza kuidhuru juu ya paa. Tunalisema hili kwa mkazo, kwa sababu bidhaa zenye jina la nano hutangazwa kwa sifa kubwa, na asiyejua ndiye anunuaye kwanza.

Udongo Wetu

Afrika Mashariki haina upungufu wa udongo. Iko kaolini ya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, na iko kaolini ya Mutaka, hapa kusini-magharibi mwa Uganda. Huko Sinya, karibu na Amboseli, mpakani mwa Tanzania na Kenya, uko udongo mweupe mwepesi uitwao sepioliti. Udongo huo ulichimbwa na kuchongwa viko vya kuvutia tumbaku. Punje za sepioliti ni nyuzi nyembamba zenye upana wa nanomita makumi tu, na siku hizi madini ya jamaa hiyo huchunguzwa sana kwa kuimarisha polima. Basi watu walikuwa wakivuta tumbaku katika malighafi ya nano na wasijue.

Lakini kuwa na udongo si kuwa na chembe nano. Kati ya shimo na kiwanda kuna kuosha, kuondoa chuma na mchanga, kubadilisha chembe zenye chaji, na kupima. Hiyo si kazi ya sululu bali ni kazi ya shule. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilianzishwa mwaka 1989, na maabara za vyuo hazikosekani katika nchi zetu. Kinachoweza kukosekana ni mtoto anayefika huko akiwa amekwisha kuelewa kwamba udongo anaoukanyaga ni kitu cha kufikiriwa.

Wajibu wa Lugha

Hapo ndipo kazi yetu inapoingia. Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili kwa mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo Kiswahili kinachofundishwa mara nyingi ni cha salamu, ngeli na methali. Sayansi husomwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Nakivale aliyetoka Kongo, mwenye lugha ya mama, Kifaransa kidogo na Kiswahili kingi, huvuka mto wa tatu kabla hajafika kwenye somo la kemia. Wengine hawavuki. Hawakosi akili, hukosa daraja.

Haisemwi kwamba Kiswahili hakina uwezo. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Msingi umewekwa. Kazi iliyobaki ni kuyatumia maneno mpaka yazoeleke, na kuyatafutia mapya mahali panapohitajika. Kwa somo hili tunapendekeza yafuatayo. Polima ikiingia katikati ya kurasa za udongo bila ya kuzitawanya, tuseme imepenya. Kurasa zikiachana kabisa, tuseme udongo umefunuka. Punje zikibaki zimeshikana, tuseme udongo umefungamana. Ile molekuli inayoupatanisha udongo na polima tuiite mpatanishi. Udongo uliotiwa kwa wingi bila ya kufunuliwa ubaki na jina la kijazio. Maneno haya yote ni ya nyumbani, na mwanafunzi akiyasikia huona jambo lenyewe kabla hajapewa maelezo yake.

Tena somo hili halihitaji vyombo vya gharama. Mwalimu na achukue udongo wa mbuga na udongo mweupe wa kauri, avitie katika vikombe viwili vya maji, na awaache wanafunzi watazame upi unavimba na upi unatulia. Kisha wafinyange matofali madogo mawili, moja la udongo mtupu na moja lenye nyasi zilizokatwa, wayaanike juani siku tatu, na wahesabu nyufa. Waandike waliyoyaona kwa Kiswahili. Yule aliyekandika nyumba ya baba yake kule Nakivale atakuwa na mengi ya kuwaambia wenzake, na siku hiyo huenda yeye akawa mwalimu.

Tunawaomba walimu wenzetu wa Uganda, Kenya, Tanzania na Kongo watuletee maoni yao juu ya istilahi tulizozitaja, na majina ya udongo yanayotumika na wafinyanzi wa kwao, kwa kuwa wafinyanzi wanaoyajua majina hayo wanazidi kupungua.